Hali Saba za Malkadera

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bamba la shaba lenye ukubwa wa kitabu, kipande cha mkaa na kopo la mafuta, nikaambiwa nisugue. Sikuambiwa nisugue mpaka lini. Msimamizi wa karakana, mzee wa Birmingham mwenye mikono iliyokolea wino hadi kwenye viwiko, alinionyesha mara moja tu jinsi ya kuzungusha mkaa bila kuukandamiza, kisha akaenda zake kunywa chai. Nilisugua asubuhi nzima. Aliporudi aliliinua bamba, akalielekeza dirishani, akalitazama kwa jicho moja na kusema, "Safi sana, bab. Sasa geuza upande wa pili." Bab ndivyo watu wa Birmingham wanavyomwita yeyote, mkubwa kwa mdogo, lakini mimi siku ile nilidhani nimetukanwa. Nilisugua upande wa pili nikiwa nimenuna.

Nilikuwa nimefika Uingereza miezi michache kabla ya hapo, nikimfuata mume wangu, Baba Tima, aliyekuwa dereva wa basi. Wenzangu kutoka Kenya walikuwa wakisomea uuguzi, nami nikatarajiwa kufanya hivyo hivyo. Nilikwenda. Nilipoona damu kwa mara ya kwanza nilianguka chini, na nilipoiona mara ya pili nikaanguka tena, ndipo matroni akanishauri kwa upole nitafute kazi isiyotoka damu. Jirani yetu akaniambia kuna karakana katika mtaa wa masonara inayotafuta mtu mwenye mkono uliotulia. Mkono wangu ulikuwa umetulia. Ulikuwa mkono mzuri sana, na katika kumbukumbu hizi sitajifanya mnyenyekevu, kwa kuwa nimewaona mafundi wanyenyekevu wengi na hakuna anayekumbuka kazi zao.

Kazi yetu pale ilikuwa kuchonga kadi za mialiko ya harusi na vichwa vya barua za mawakili. Kifaa chake ni kalamu ya chuma, mche mwembamba wenye ncha ya msumari na mpini wa mviringo unaokaa katikati ya kiganja. Hukiburuti kama kalamu ya wino. Unakisukuma mbele, nacho kinainua uzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji. Bamba hulazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, na ukitaka mkunjo wa herufi huzungushi mkono, unazungusha bamba. Tena kila kitu huchongwa kinyume, kwani karatasi ikilalia shaba, kulia huwa kushoto. Majina ya maharusi wa mji huu niliyasoma kinyumenyume kwa miaka kadhaa, mpaka nikawa natembea barabarani nikisoma mabango ya maduka vilevile.

Msimamizi hakuwa mtu wa maneno. Nilipokosea herufi kwa mara ya kwanza, nilitarajia matusi. Alinipa kikwaruzo, kisu chenye makali matatu, akanionyesha jinsi ya kukwangua mstari mpaka uishe, kisha kulainisha pale palipokwanguliwa kwa chuma laini chenye mafuta, kisha kuligeuza bamba na kuligonga mgongoni kwa nyundo ndogo ili shaba iliyobonyea ipande tena juu. "Kila mtu anaweza kuchonga, bab," aliniambia. "Wanaojua kufuta ni wachache." Nikawa mmoja wa wachache hao, na baadaye nikawa bora kuliko yeye. Alilisema hilo mwenyewe siku aliyostaafu, mbele ya watu, na nilimshukuru.

Hapa sina budi kueleza nilikozaliwa. Malkadera ulikuwa mji mdogo kaskazini kabisa mwa Kenya, karibu na mpaka. Ulikuwa na mtaa mmoja wa maduka ya mabati, boma la polisi, kisima chenye pampu, na nyuma yake mlima mwekundu. Baba yangu alipelekwa huko na serikali kuendesha pampu ile, na watu wakamwita Fundi Pampu mpaka jina lake la kweli likasahaulika. Walikuwako Waborana na Wasomali waliokuja na mifugo yao, Waburji waliolima, Waarabu wa maduka, polisi Wakamba, na Singasinga mmoja aliyekuwa na mashine ya kusaga posho. Kiswahili kilituunganisha sote, kila mtu akikivunja kwa namna yake, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Hakuna aliyekuwa na kamera. Maofisa waliopita huko walipiga picha za ngamia, na za wenyewe kwa wenyewe, wakaondoka nazo. Kisha maji ya kisima yakapungua, barabara mpya ikapitishwa upande wa pili wa mlima, na watu wakahamia huko na mabati yao. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Leo pale tulipoishi pana vichaka, na ukimwonyesha kijana wa sasa atadhani hapajawahi kukaa mtu. Jambo hilo liliniuma kwa miaka mingi, nami sikuwa na la kufanya nalo.

Kompyuta zilipoanza kutengeneza kadi za harusi, karakana ile ya mtaa wa masonara ilifungwa, nami nikapata kazi katika chuo cha sanaa kama fundi wa chumba cha chapa. Mkuu wa Idara alikuwa mtu mrefu, mstaarabu sana, ambaye hakuwahi kunikosea adabu na hakuwahi kunisikiliza. Huko ndiko nilikojifunza kuchora kwa tindikali. Unalipaka bamba nta iliyochanganywa na lami, unaifukiza moshi iwe nyeusi, kisha unachora juu yake kwa sindano. Sindano haikati shaba, inaondoa nta tu. Ukilizamisha bamba kwenye tindikali, maji yale makali yanakula pale palipo wazi. Ukilitoa mapema mstari unakuwa mwepesi, ukilichelewesha unakuwa mzito na mweusi. Baada ya hapo unaosha nta kwa tapentaini, unajaza wino kwenye mistari, unafuta uso wa bamba kwa kitambaa cha wavu na mwisho kwa kiganja, unalaza karatasi iliyoloweshwa, na unapitisha vyote chini ya gurudumu la mashine ukiwa umevifunika kwa blanketi za sufu.

Mambo mawili ya desturi yetu myafahamu, maana yananihusu. La kwanza ni hali. Kila unapolibadilisha bamba, ukiongeza mstari au ukiufuta, unachapa karatasi moja ya kuangalia, na hiyo ndiyo hali mpya ya picha: hali ya kwanza, ya pili, na kuendelea. La pili ni chapa ya idhini. Mwenye picha, au mtu aliyeagiza toleo, akiridhika, anaitia sahihi chapa moja kwa penseli, na tangu hapo fundi haruhusiwi kuligusa bamba. Anachapa toleo zima lifanane na ile iliyotiwa sahihi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwatoa wanafunzi chumbani kwa kuvunja sheria hiyo, na nilikuwa mkali.

Nilimwomba Mkuu wa Idara nafasi ya kuchapa kazi zangu. Akaniambia, kwa sauti yake ile ya upole, kwamba fundi ni mikono ya msanii, na mikono haina maonyesho yake. Nilichora hivyo hivyo, saa za chakula, kwenye vipande vya shaba vilivyotupwa: kituo cha treni cha Acocks Green tunakokaa, na nyumba kubwa za kizamani za Moseley na mabomba yao ya moshi. Alizitazama, akasema ni nzuri, akanikabidhi bamba la mwanafunzi nilichape. Miaka ilipita hivyo. Kazi mbi si mchezo mwema, nilijiambia, na watoto walikuwa wanasoma.

Cheo changu cha mwisho kilikuwa Mkuu wa Karakana, katika karakana ya jamii kule Perry Barr, kabla majengo yale ya zamani hayajabomolewa kupisha nyumba mpya. Nilikipokea cheo hicho kwa furaha isiyo na adabu. Ufunguo ulikuwa wangu, mashine ilikuwa yangu, na Jumamosi hakuna aliyeniuliza ninachapa nini. Nilinunua bamba kubwa la shaba, pana kama meza ya kulia, nikaanza kuichora Malkadera.

Hali ya kwanza niliifanya kwa miezi kadhaa. Nilichora mlima, mtaa wa mabati ukiwa mdogo chini yake, kisima mbele, na anga kubwa mno. Upande wa kushoto nilipanda miti ya migunga ili kuipa picha uzito, kama wanavyofundisha chuoni. Sikuchora mtu hata mmoja. Nilichapa, nikaipeleka kwa Mkurugenzi wa jumba la picha lililokuwa Moseley, mama mmoja mwembamba, mwenye jicho kali, ambaye alikuwa ameviona vitu vyangu vya Acocks Green na kuvipenda. Aliiweka mezani akaikagua kutoka kona hadi kona.

"Usiguse chochote," aliniambia. "Ukimya huu ndio picha."

Akaitia sahihi kwa penseli, akaagiza toleo. Akanipa ukuta mzima katika onyesho la masika, kwa jina langu. Nilirudi nyumbani kwa basi nikiwa nimeikumbatia chapa ile, na Baba Tima alipoisikia habari alizima televisheni, jambo ambalo hata wakati wa kombe la dunia hakuwahi kulifanya. Nilikuwa nimechapa kazi za wengine maisha yangu yote. Sasa wengine wangekuja kutazama yangu.

Kabla sijaanza kuchapa toleo, alikuja Mzee Jaswant. Alitaka kadi za harusi ya mjukuu wake zichongwe kwa mtindo wa zamani, na mtu akamwambia yuko mama Perry Barr anayejua. Sikumtambua mara moja. Alipotaja jina ndipo nilipojua ni yule yule Singasinga wa mashine ya posho, sasa ana ndevu nyeupe na fimbo, anakaa Handsworth na wanawe. Tulisalimiana tukasahau kadi. Nilimwita aje aione Malkadera, na nilikuwa nikitabasamu, nikingojea sifa.

Aliiangalia. Akavaa miwani, akaiangalia tena. Kisha akaweka kidole juu ya migunga yangu.

"Rukia, hapa umeweka nini?"

"Miti, Mzee."

"Hapa hapana miti," alisema. "Hapa iko mimi."

Uso uliniwaka. Alikuwa amesema kweli. Mashine yake ilikuwa pale pale, na kibanda chake cha mabati, na foleni ya akina mama wenye vibuyu na magunia kila asubuhi, mimi nikiwa mmoja wao niliyetumwa na mama. Nilimng'oa mtu mzima mahali pake nikapanda miti ili picha ikae sawa. Mzee Jaswant hakukasirika. Aliuliza habari za baba yangu, akaandikisha kadi zake, akaenda. Lakini sikuweza tena kuitazama ile picha bila kuona tundu upande wa kushoto.

Nilijua vizuri kilichokuwa hatarini. Chapa ilikuwa imetiwa sahihi. Nikiligusa bamba, Mkurugenzi alikuwa na haki ya kuninyang'anya ukuta, na kwa umri wangu sikuwa na ukuta mwingine wa kungojea. Baba Tima alinikumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia nataka yamwagike. Jumamosi iliyofuata nilichukua kikwaruzo nikaanza kukwangua migunga, mmoja mmoja, nikailainisha shaba, nikaligonga bamba mgongoni, nikapaka nta upya, nikamchora Mzee Jaswant na mashine yake. Hiyo ikawa hali ya pili. Ukiitazama kwa karibu utaona vivuli vya miti nyuma ya mabati, kwa sababu shaba haifutiki yote.

Mzee Jaswant hakuweza kunyamaza, na Birmingham kwa watu wetu ni kijiji. Wa kwanza kuja baada yake alikuwa Mama Dhaki, Mborana wa Malkadera, anayefanya kazi ya kulea wazee katika nyumba moja ya wazee. Alifika akiwa bado na sare ya kazi, na viatu vyake vyeupe. Alimsifu Mzee Jaswant kwenye picha, akamcheka tumbo, halafu akanuna.

"Mama Tima, kisima umeleta karibu sana," alisema. "Hii watu wanachota maji bila kuchoka. Sisi tulichoka."

Nilibishana naye. Nilikulia kwenye kisima kile, nani angenifundisha mahali pake? Kisha nikaelewa. Kwangu kilikuwa karibu kwa sababu nyumba ya Fundi Pampu ilijengwa kando yake. Wenzangu wote walitembea jua kali na madebe kichwani, na mimi niliwaona wakifika tu, sikuwahi kuwaona wakitoka kwao. Kumhamisha mtu kwenye shaba ni kazi, kuhamisha kisima ni adhabu. Nilikihamisha. Nikaichora na njia, ndefu, na wanawake juu yake, na hiyo ikawa hali ya tatu.

Tangu hapo kila Jumamosi karakana ilikuwa kama baraza. Walikuja na chai kwenye chupa, sambusa, na ubishi. Mmoja alidai mlango wa duka la Mwarabu ulitazama boma, mwingine akaapa ulitazama mlima, mpaka wakampigia simu mtu Nairobi kuamua. Mburji mmoja alinisihi nimchoree punda wa baba yake, na alinieleza masikio yake kwa urefu kuliko nilivyowahi kuelezwa mtu. Ikaja hali ya nne, ya tano na ya sita. Watoto wao waliozaliwa hapa waliketi kwenye ngazi wakiwajibu wazazi kwa Kiingereza, lakini niliona wanasikiliza. Mimi nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kazini, na pia nilikuwa na hofu, kwa sababu onyesho lilikuwa linakaribia na Mkurugenzi hakujua lolote.

Alikuja mwenyewe, bila taarifa, kuchukua chapa za kwanza za toleo. Mama Dhaki alikuwapo, amekaa na kikombe chake. Mkurugenzi alisimama mbele ya hali ya sita iliyokuwa inakauka ukutani, na nilimwona akiitafuta picha yake ndani ya ile ya kwetu.

"Iko wapi ile niliyoitia sahihi?" aliuliza.

"Haipo tena kwenye shaba. Imo chini ya hii."

"Unajua maana ya sahihi yangu?"

"Najua. Nimewafundisha wengine maana yake."

"Basi kwa nini?"

"Ulitia sahihi ardhi tupu, na aliyekuletea ikiwa tupu ni mimi. Haikuwa tupu. Tulikuwamo."

Hakupandisha sauti. Alisema kwamba alikuwa ameahidi watu picha nyingine, kwamba kazi yetu inasimama juu ya neno, na kwamba atafikiri nani apewe ukuta. Alikuwa na haki katika kila alilosema. Akavaa glavu zake akatoka, nami nikakaa kitini karibu na Mama Dhaki.

Mama Dhaki hakuwa amefuata Kiingereza chote. Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akapuliza chai.

"Sasa umepoteza ukuta yako kwa sababu ya kisima?"

"Ndiyo."

"Basi weka na ua yangu," alisema. "Ile ya miiba, nyuma ya boma. Kama imepotea, ipotee na ua."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikainuka nikapaka nta. Niliuchora ua wa Mama Dhaki, uzio wa nyumba yao, siku ile ile, mwiba kwa mwiba, bila ya kumngojea mtu yeyote aniruhusu. Hiyo ndiyo hali ya saba. Nikiulizwa siku bora ya maisha yangu ya kazi, naitaja hiyo, siku niliyoamini nimekosa kila kitu.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alipiga simu. Hakusalimia. Aliuliza kama kila nilipolibadilisha bamba nilichapa karatasi ya kuangalia. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi, ningewezaje kutochapa? Akauliza kama zote zipo. Nikamwambia zipo kabatini, moja moja, na kwamba hazitapatikana nyingine, maana shaba hairudi nyuma. Kisha akasema amekaa siku kadhaa akijaribu kuikumbuka ile picha yake tulivu, na kila akiikumbuka anamwona mzee mmoja amesimama ndani yake na tumbo lake. Akataka zote saba, zitundikwe kwa mpangilio, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Siku ya kufungua onyesho watu walikuja Moseley kwa mabasi kutoka kila upande wa Birmingham. Walikuja wauguzi, walezi, madereva, akina mama kwa mitandio ya sikukuu, Mzee Jaswant na kilemba kipya na wanawe wote nyuma yake. Jumba lile limezoea watu wanaonong'ona. Sisi hatukunong'ona. Ulianza mlangoni na nchi tupu, mlima na anga. Ukipiga hatua, pale kushoto panatokea mashine ya posho. Ukipiga nyingine, kisima kinakwenda mbali na wanawake wanajaa njiani. Na unapofika mwisho wa ukuta mji umejaa, punda yumo, mlango wa Mwarabu unatazama boma, na ua wa Mama Dhaki una miiba yake. Watu walipita wakionyeshana milango yao. Mzee mmoja aliupata mlango wa mamaye, akausogeza uso wake karibu na kioo mpaka ukungu wa pumzi yake ukaufunika. Nililia, na sikujificha.

Mkurugenzi alisimama karibu nami. Aliniambia bado anaipenda ile ya kwanza kuliko zote. Nikamwambia ana haki, ni nzuri, lakini atazame, hakuna aliyesimama mbele yake. Alitazama. Alicheka, akanishika mkono, na sote wawili tukaenda kusimama mbele ya ile ya saba, ikawa shida kupata nafasi. Hali ya saba nimeichapa toleo zima, na sasa imo katika sebule nyingi za mji huu, na chapa nyingine zimesafiri hadi Nairobi na hadi Malkadera mpya, ng'ambo ya mlima, ambako nasikia walimu wanawaonyesha watoto. Ndizo picha za kwanza za mji ule. Nazitaja kwa majivuno, na atakayeniona najisifu basi aniache nijisifu.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaokuja kuniuliza juu ya kazi huniuliza kwanza kuhusu tindikali na karatasi, na huwajibu, kwa sababu mambo hayo yana umuhimu. Asiyejua muda wa tindikali asijiite mchoraji. Lakini huwaambia pia wasiharakishe kuitia sahihi kazi yao. Waionyeshe kwanza kwa watu waliomo ndani yake, wakae kimya, wangojee kidole kiwekwe mahali.

Limebaki jambo moja ambalo wenzangu wa kazi wananilaumu kwalo. Desturi inataka kwamba toleo likiisha, bamba liuawe. Unapiga mstari mzito kutoka kona hadi kona ili lisichapwe tena milele. Mkurugenzi amenikumbusha mara kadhaa, kwa adabu, na mimi nimeua mabamba mengi ya watu wengine bila ya mkono kutikisika. Nilimwahidi kwamba hali ya saba haitachapwa tena, na neno hilo nitalishika. Kalamu ya chuma niliitoa, nikaiweka mezani pamoja na bamba, hapa nyumbani Acocks Green, kandokando ya dirisha, lakini mstari wa kuliua bado sijaupiga.

Vilikuwa vimelala hapo mezani juzi mchana kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa mama wa makamo, muuguzi, bado na kitambulisho cha hospitali shingoni. Alisema amefika Birmingham mwaka huu, na ameiona picha kwa rafiki yake, ukutani, akiwa anakula.

"Pole kwa kukusumbua, mama," alisema. "Ni wewe ulichora Malkadera? Nimetafuta, nimetafuta. Nyumba yetu haimo."

Nilimwangalia. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba kitu na kujua atakataliwa. Nilimkaribisha ndani, nikamvuta kiti hadi dirishani, nikaisogeza kalamu ya chuma pembeni na kuchukua kikwaruzo.

"Keti, mwanangu," nikamwambia. "Ukitoka kisimani, nyumba yenu ilikuwa upande gani?"